Wizara Iliyokufa Mara Mbili

Wizara ya haki ya Kenya imekufa mara mbili, na mara zote mbili haikuwekewa matanga. Mara ya kwanza ilikuwa Desemba 1964, ikiwa bado mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mara ya pili ilikuwa 2013, ikiwa na umri wa miaka kumi. Kati ya kifo cha kwanza na kuzaliwa upya ilipita miaka 38 ambayo ndani yake watu walishtakiwa, wakafungwa, wakasamehewa, na katiba ikakatwakatwa hata walioiandika wasingeitambua. Kazi hiyo yote ilifanywa na nani, kama waziri wa haki hakuwapo?

Ilifanyiwa Sheria House, katika barabara ya Harambee jijini Nairobi, kwenye ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Waziri wa haki nchini Kenya, kila alipopewa kiti mezani, alikuta kisu kimeshikwa na jirani yake.

Kisu cha kurithi

Kisu hicho kilinolewa na Waingereza. Katika serikali ya kikoloni, Mwanasheria Mkuu alivaa kofia tatu. Alimshauri Gavana juu ya sheria, aliketi katika baraza la kutunga sheria akiitetea miswada, kisha akaamua nani ashtakiwe na nani aachwe. Kwa maneno mengine, mtu yuleyule aliandika sheria, akaieleza, na akachagua atakayekamatwa nayo.

Mwishoni mwa 1952 Wakenya waliona kofia hizo zikifanya kazi kule Kapenguria, mji mdogo wa kaskazini-magharibi uliochaguliwa kwa sababu ulikuwa mbali na macho ya watu. Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko walishtakiwa kwa kuongoza Mau Mau. Aprili 1953 Hakimu Ransley Thacker alimhukumu Kenyatta miaka saba ya kazi ngumu. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, baadaye aliapa kwamba alidanganya na kwamba serikali ilikuwa imemwahidi masomo Uingereza. Kilichofuata kinaeleza mengi: Macharia alishtakiwa na kufungwa, na kosa lake halikuwa ushahidi wa Kapenguria. Alifungwa kwa kudai kwamba ushahidi ule ulikuwa wa uongo.

Mwaka 1957 Mwanasheria Mkuu Eric Griffith-Jones alimwandikia Gavana Evelyn Baring juu ya kuwapiga wafungwa wa kambi za kizuizini waliokataa kutii amri. Alieleza jinsi kanuni zinavyoweza kuandikwa ili nguvu hizo zipate kivuli cha sheria, akaongeza kwamba ikiwa itabidi watende dhambi, basi waitende kimya kimya. Barua hiyo ilifichwa pamoja na majalada mengine huko Uingereza kwa karibu nusu karne. Ilipofichuliwa, iliwasaidia wazee wa Mau Mau katika kesi yao jijini London, na Juni 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

Ofisi iliyoandika barua ile ndiyo iliyokabidhiwa Kenya huru, kofia zake zote tatu zikiwa zimepangwa vizuri juu ya meza.

Mboya na katiba ya majimbo

Siku ya Madaraka, Juni 1, 1963, Kenyatta aliunda serikali yake ya kwanza, na ndani yake akamteua Tom Mboya kuwa Waziri wa Haki na Masuala ya Katiba. Mboya hakuwa mwanasheria. Alikuwa kijana wa miaka 32, mwenye asili ya kisiwa cha Rusinga, aliyezaliwa kwenye shamba la mkonge la Kilima Mbogo na kukulia katika vyama vya wafanyakazi. Alijua kujadiliana na mwajiri mpaka usiku wa manane bila kupandisha sauti, na Kenyatta alihitaji mtu wa namna hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu. Waziri alitakiwa kuipokea katiba ambayo chama chake, KANU, hakikuitaka. Mazungumzo ya Lancaster House yalikuwa yamezaa katiba ya majimbo: maeneo saba pamoja na Nairobi, kila jimbo na bunge lake, na Seneti ya viti 41 ya kuyalinda. KADU, chama cha jamii zilizoogopa kumezwa na makabila makubwa, kiliishika katiba hiyo kama ngao. KANU iliisaini kwa sababu bila sahihi hakukuwa na bendera. Ili vifungu vya majimbo viguswe, zilihitajika robo tatu ya kura katika bunge la chini na asilimia 90 katika Seneti.

Kwa hiyo wizara ya kwanza ya haki ilizaliwa ili kusimamia nyumba huku ikitafuta namna ya kuibomoa. Mwaka 1964 serikali ilibana fedha za majimbo, ikawavuta wabunge wa KADU mmoja mmoja, na ikatishia kuitisha kura ya maoni endapo Seneti ingekaza shingo. Novemba 10, KADU ilijivunja yenyewe na kuvuka sakafu ya Bunge. Desemba 12, 1964 Kenya ikawa jamhuri yenye rais mmoja mwenye nguvu.

Katiba ikishabadilishwa, waziri wa katiba wa nini? Mboya alihamishiwa wizara ya mipango ya uchumi, na wizara ya haki ikafutika pasipo kelele. Miaka minne na nusu baadaye, Julai 5, 1969, Mboya alipigwa risasi mchana kweupe kwenye barabara ya Government, ambayo leo ni Moi Avenue. Aliyefyatua risasi alinyongwa. Aliyemtuma, ikiwa alitumwa, hajafikishwa mahakamani hadi leo.

Mzee wa ua kifuani

Mtu aliyekaa Sheria House wakati huo wote alikuwa Charles Njonjo. Alikuwa mtoto wa Chifu Josiah Njonjo, akasoma shule ya Alliance, chuo cha Fort Hare na Uingereza, na tangu uhuru alikuwa Mwanasheria Mkuu. Alivaa suti za mistari na waridi kwenye tundu la kifungo cha koti, na aliwaamini majaji na mawakili wa Kizungu kwa namna iliyowaudhi wengi. Watu walimtania kwa kumwita Sir Charles, na inaonekana utani huo haukumkera.

Katiba ya jamhuri ilimwachia kofia zote tatu na kumwongezea kiti katika Bunge na katika Baraza la Mawaziri, bila kupigiwa kura na mwananchi yeyote. Kifungu cha 26 kilimpa uwezo wa kuanzisha kesi yoyote ya jinai, kuchukua kesi iliyoanzishwa na mwingine, na kuisitisha wakati wowote kabla ya hukumu. Kwa uwezo huo wa mwisho, hakimu anaweza kuwa amesikiliza mashahidi kumi na mlalamishi akawa ameuza ng'ombe wake kulipa nauli, kisha karatasi moja ikaletwa kutoka Sheria House na kesi ikaishia hapo.

Chini ya mkono huo, katiba ilifanyiwa marekebisho mfululizo. Mwaka 1966 wabunge waliomfuata Jaramogi Oginga Odinga katika chama cha KPU waliambiwa warudi kuomba kura upya. Baadaye Seneti ikafutwa. Mwaka 1975 yakaja marekebisho ambayo Wakenya wanayakumbuka kwa jina la mtu mmoja, Paul Ngei, yule wa Kapenguria. Mahakama ilikuwa imemkuta na hatia ya kosa la uchaguzi, na kwa hatia hiyo asingeruhusiwa kugombea. Kenyatta hakutaka kumpoteza mfungwa mwenzake. Katiba ikabadilishwa harakaharaka ili Rais apate uwezo wa kusamehe hata kosa la namna hiyo, na Ngei akasamehewa. Sheria kuu ya nchi ilikuwa imekatwa ipate kumtosha mtu mmoja, kama fundi anavyopunguza suruali.

Mwaka uliofuata, wanasiasa waliotaka kumzuia Makamu wa Rais Daniel arap Moi asirithi kiti walianza kampeni ya kubadili kifungu cha urithi. Njonjo alitoa taarifa fupi akikumbusha kwamba kuwaza, kupanga au kukusudia kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Hakumtaja mtu, na wala hakulazimika kumtaja. Kampeni ikazimika, na Kenyatta alipofariki Mombasa Agosti 22, 1978, Moi aliapishwa siku hiyohiyo.

Kisha Njonjo akafanya kosa ambalo mwanasheria hodari kama yeye hakutarajiwa kulifanya: aliacha kisu akafuata kiti. Mwaka 1980 alijiuzulu Sheria House, akawa mbunge wa Kikuyu na waziri wa mambo ya ndani na ya katiba. Akiwa waziri wa katiba alishuhudia Bunge likipitisha, Juni 1982, kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja. Mwaka mmoja baadaye, Mei 1983, Moi alihutubia Kisii na kusema kuna mtu anayeandaliwa na mataifa ya nje kuchukua urais. Neno "msaliti" lilienea nchini kabla ya jina kutajwa, na Juni jina la Njonjo likawa wazi. Tume iliyoongozwa na Jaji Cecil Miller ilimchunguza. Desemba 12, 1984 Moi alimsamehe, lakini siasa zake zilikuwa zimekwisha. Kama angebaki na kalamu ya mashtaka mkononi, ni nani angethubutu kumwita msaliti?

Kisu chapata mwenyewe

Moi alijifunza kutokana na hayo. Mwaka 1986, Matthew Guy Muli akiwa Mwanasheria Mkuu, Bunge liliondoa ulinzi wa kikatiba wa ofisi hiyo. Tangu hapo Rais angeweza kumfuta kazi bila kuunda baraza la uchunguzi. Miaka miwili baadaye majaji nao walinyang'anywa ulinzi huo. Ulirudishwa 1990, mambo yakiwa yameshaharibika: vyumba vya chini vya Nyayo House vilikuwa vimetumika kutesa watu, na washukiwa wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, walikuwa wamekiri makosa mbele ya mahakimu jioni, wakati mahakama nyingine zimefungwa.

Mei 1991 aliingia Amos Wako, mwanasheria mwenye tabasamu lisiloondoka, aliyekuwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza mauaji ya kiholela. Watetezi wa haki walipata matumaini. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba mwaka huohuo. Wako angekaa Sheria House miaka 20, akihudumia marais wawili, na kadiri miaka ilivyosonga ndivyo tabasamu lile lilivyozidi kuchezewa na wachora vibonzo. Sakata la Goldenberg lilichota mabilioni ya shilingi kutoka hazina ya umma, lakini kesi zake zilijikokota mahakamani mwaka hadi mwaka.

Kuzaliwa upya

Mwishoni mwa 2002 Mwai Kibaki na muungano wa NARC waliing'oa KANU. Januari 2003 wizara iliyokufa wakati wa Mboya ilifufuliwa kwa jina lilelile, Haki na Masuala ya Katiba, na kukabidhiwa Kiraitu Murungi, wakili aliyewahi kukimbilia uhamishoni wakati wa Moi. Sheria mbili za kupambana na ufisadi zilipitishwa mwaka huohuo na tume mpya ikaundwa. Waziri alitangaza kwamba mahakama zitafanyiwa upasuaji mkubwa. Ripoti ya kamati ya Jaji Aaron Ringera, Oktoba 2003, iliwataja majaji 23 na mahakimu 82 kuwa na tuhuma za ufisadi au utovu wa maadili. Majina yalivuja, na majaji wengi wakaondoka kabla ya kusikilizwa. Wapo walioshangilia kwamba hatimaye uozo umetolewa. Wapo pia waliouliza ni haki gani inayomhukumu jaji gazetini. Baadhi ya majaji hao walisafishwa baadaye.

Katika jambo la pili lililobebwa na jina la wizara, yaani katiba, upepo ulibadilika kabisa. Mkutano wa Bomas wa wajumbe 629 ulipendekeza waziri mkuu mwenye mamlaka. Machi 2004 upande wa serikali, Kiraitu akiwamo, ulitoka nje ya ukumbi. Rasimu ilichukuliwa, ikakatwa na kushonwa upya chini ya mkono wa Mwanasheria Mkuu, na watu wakaiita Rasimu ya Wako. Novemba 21, 2005 ilipigiwa kura, ndizi kwa "ndiyo" na chungwa kwa "la". Chungwa lilishinda kwa takriban asilimia 58, na siku mbili baadaye Kibaki akalivunja Baraza la Mawaziri.

Mwaka huohuo tukio moja liliwaonyesha wananchi mpaka wa uwezo wa wizara mpya. Aprili, mrithi wa ukoo wa walowezi wa Delamere alimpiga risasi na kumuua askari wa wanyamapori, Mmaasai, katika shamba la Soysambu. Alishtakiwa kwa mauaji, lakini Mei Mwanasheria Mkuu aliisitisha kesi kwa karatasi ileile ya kifungu cha 26. Wamaasai waliandamana kwa hasira. Nchi ilikuwa na wizara kamili yenye neno "haki" mlangoni, na waziri wake hakuwa na chochote cha kutia sahihi.

Martha Karua abisha mlango

Aliyeurithi mlango huo Desemba 2005 alikuwa Martha Karua, hakimu wa zamani na mbunge wa Gichugu tangu 1992. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipoishia kwenye damu, watu zaidi ya 1,100 wakauawa na mamia ya maelfu wakahamishwa makwao, Karua ndiye aliyeongoza wawakilishi wa upande wa serikali mbele ya mpatanishi, Kofi Annan. Alikuwa mgumu kama mwamba, na mkataba wa kugawana madaraka uliotiwa sahihi Februari 28, 2008 mbele ya Harambee House ulipatikana baada ya Annan kuwaendea Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga moja kwa moja.

Baada ya hapo Karua alibeba mzigo ambao mawaziri wenzake wengi hawakutaka hata kuugusa. Tume ya Jaji Philip Waki ilikuwa imependekeza mahakama maalumu ya kuwashtaki waliopanga machafuko, na ikamkabidhi Annan bahasha ya majina iliyofungwa kwa lakiri. Februari 12, 2009 mswada wa mahakama hiyo ulifika Bungeni ukakosa asilimia 65 ya kura za wabunge wote iliyohitajika. Baadhi ya wabunge waliuogopa, na wengine walisema afadhali The Hague kuliko mahakama itakayotekwa na wakubwa. Karua alibaki na mswada uliokufa mkononi. Mwezi Aprili, Rais aliteua majaji wapya bila yeye, waziri wa haki, kuhusishwa. Aprili 6, 2009 alijiuzulu. Mawaziri wa Kenya hujiuzulu kwa nadra, na aliyejiuzulu kwa kuwa hakuachiwa nafasi ya kufanya kazi yake alistahili kukumbukwa.

Mrithi wake, Mutula Kilonzo, aliyewahi kuwa wakili wa Moi, alijaribu kuufufua mswada akashindwa katika Baraza la Mawaziri. Julai 9, Annan alimkabidhi bahasha Luis Moreno Ocampo, kiongozi wa mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Wakenya sita walitajwa mwishoni mwa 2010. Hakuna kesi hata moja ya hao sita iliyofika kwenye hukumu ya hatia.

Kifo cha pili

Hata hivyo, ni katika kipindi cha Mutula ambapo wizara ilitimiza kilichoizaa. Kamati ya Wataalamu chini ya Nzamba Kitonga iliandika rasimu, Wakenya wakaipitisha Agosti 4, 2010 kwa takriban theluthi mbili ya kura, na Agosti 27 Kibaki akaizindua katika bustani ya Uhuru Park.

Katiba hiyo ilifanya jambo ambalo hakuna waziri wa haki aliyewahi kulifanya: ilizivua kofia. Ibara ya 156 ilimwachia Mwanasheria Mkuu kazi ya kuishauri serikali na kuiwakilisha katika kesi, isipokuwa za jinai. Ibara ya 157 ilimpa kalamu ya mashtaka Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, atakayehudumu miaka minane bila kurudia, asiyehitaji ruhusa ya mtu yeyote kufungua kesi. Akitaka kuisitisha, lazima aombe idhini ya mahakama. Kwa Wako, katiba iliweka muda usiozidi miezi 12 wa kuondoka, na Agosti 2011 aliondoka. Majaji wangepatikana kwa mahojiano ya hadharani, na Juni 2011 Willy Mutunga akawa Jaji Mkuu kwa njia hiyo.

Mutula alihamishiwa elimu Machi 2012 na Eugene Wamalwa akashika wizara kwa mwaka mmoja wa mwisho. Uhuru Kenyatta alipounda serikali yake 2013, wizara ya haki haikuwamo. Kazi zake zilikwenda Sheria House, ambako mlangoni paliandikwa Ofisi ya Mwanasheria Mkuu na Idara ya Haki. Kama 1964, katiba ilikuwa imekamilika na waziri wa katiba hakuhitajika tena. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza wizara ilikufa baada ya mamlaka kukusanywa mahali pamoja, na mara ya pili ilikufa baada ya mamlaka kugawanywa.

Mgawanyo huo ulijaribiwa upesi. Mpango wa maridhiano wa BBI, uliotaka kubadili katiba kwa baraka za Rais mwenyewe, ulizuiwa na majaji watano wa Mahakama Kuu Mei 13, 2021. Mwanasheria Mkuu alikata rufaa akashindwa Agosti. Akaenda Mahakama ya Juu, ambayo Machi 31, 2022 ilikataa baadhi ya hoja za mahakama za chini, ila ikashikilia kwamba Rais hana ruhusa ya kuanzisha mageuzi kupitia njia iliyotengewa wananchi.

Njonjo hakuisikia hukumu hiyo. Alikuwa amefariki Januari 2, 2022, akiwa na miaka 101, na mwili wake ukachomwa siku hiyohiyo, bila ibada kubwa, kama alivyotaka. Lakini hukumu ya Mei 2021 ilimkuta hai. Mzee aliyekuwa Sheria House siku katiba ilipopunguzwa imtoshe Ngei aliishi hadi kuona mrithi wake akisimama mbele ya majaji wa Kenya kuomba katiba ibadilishwe kwa ajili ya wakubwa, na kurudi mikono mitupu.